Umbali Mmoja, Nyakati Nyingi: Hesabu ya Safari ya Ndege kati ya Dar es Salaam na Mwanza

Mtu akiuliza Dar es Salaam na Mwanza zimeachana kwa umbali gani, anaweza kupewa majibu matatu, na yote yakawa sahihi. Dereva wa lori atataja zaidi ya kilomita 1,100 za barabara ipitayo Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Mhandisi wa reli atataja kilomita 1,219, ambazo ndizo urefu wa njia ya reli ya kisasa iliyopangwa kuiunganisha bandari na Ziwa Viktoria. Rubani atataja kilomita 852 tu.

Akiuliza safari huchukua muda gani, majibu yatazidi kuwa mengi. Hata rubani yule yule, akiendesha ndege ile ile katika njia ile ile, hafiki kwa dakika zile zile kila siku. Umbali wa angani ni jambo lisilobadilika, nalo laweza kupatikana darasani kwa kalamu na karatasi. Muda wa safari ni jambo jingine kabisa: hapana budi kuukadiria upya kila siku, kwa sababu hutegemea hewa, na hewa haitulii. Watu waliowahi kuyachanganya mambo haya mawili walilipa gharama kubwa.

UMBALI HUPATIKANAJE?

Dunia ina umbo la tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha zake. Kwa hesabu za kawaida inatosha kuichukulia kuwa ni tufe kamili, kama wanafunzi wa sekondari wafanyavyo katika somo la hisabati. Mahali popote juu ya tufe hilo hutajwa kwa pembe mbili: latitudo, yaani umbali wake kusini au kaskazini ya ikweta, na longitudo, yaani umbali wake mashariki au magharibi ya mstari upitao Greenwich, Uingereza. Pembe hizo hupimwa kwa digrii, na kila digrii hugawanywa katika dakika 60. Dakika hizi ni za pembe, wala zisichanganywe na dakika za saa.

Mabaharia walijiwekea kipimo kinachorahisisha hesabu hiyo. Maili ya baharini ilikusudiwa iwe sawa na dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia, na leo urefu wake umewekwa kuwa mita 1,852. Marubani walikirithi kipimo hicho kutoka kwa mabaharia, nao wanakitumia mpaka leo.

Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere kipo latitudo 6°53′ Kusi na longitudo 39°12′ Mashariki. Kiwanja cha Mwanza kipo latitudo 2°27′ Kusi na longitudo 32°56′ Mashariki. Hesabu yake ni kama ifuatavyo:

Tofauti ya latitudo: 6°53′ − 2°27′ = 4°26′, yaani dakika 266.

Tofauti ya longitudo: 39°12′ − 32°56′ = 6°16′, yaani dakika 376.

Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoiacha ikweta na kuzielekea ncha za dunia. Kwa sababu hiyo tofauti ya longitudo huzidishwa kwa kosini ya wastani wa latitudo za viwanja viwili. Hapa wastani huo ni 4°40′, na kosini yake ni 0.997. Basi dakika 376 zinapungua na kuwa 375.

Sasa ipo pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja una maili za baharini 266, na wa pili 375. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu ni kipeuo cha pili cha (266² + 375²), nacho ni maili za baharini 460. Zikizidishwa kwa 1.852 zinapatikana kilomita 852.

RAMANI INAPODANGANYA

Njia hiyo fupi ya Pythagoras inafaa kwa sababu Tanzania ipo karibu na ikweta, na kwa sababu viwanja hivyo viwili havikuachana sana. Kwa safari ndefu, hasa katika nchi zilizo mbali na ikweta, njia hiyo haifai, na hata ramani ya ukutani huweza kumpoteza mtazamaji.

Mfano mzuri ni New York na Madrid. Miji hiyo miwili ipo karibu katika latitudo moja, kama digrii 40 na nusu Kaskazini. Mtu akiitazama ramani bapa atadhani kwamba njia fupi ni kwenda mashariki moja kwa moja, akiufuata mstari wa latitudo. Njia hiyo ina kilomita 5,940 hivi. Lakini ndege ikianza kwa kupinda kidogo kuelekea kaskazini, kisha ikateremka tena kusini, itafika kwa kilomita 5,770 hivi. Njia ionekanayo imepinda ndiyo fupi, kwa tofauti ya karibu kilomita 170.

Sababu yake ni hii. Juu ya tufe, njia fupi kupita zote ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Ikweta ni duara kuu, na kila mstari wa longitudo ni nusu ya duara kuu. Mistari mingine yote ya latitudo ni maduara madogo. Mwalimu mwenye tufe la dunia darasani aweza kulithibitisha jambo hilo kwa uzi. Akiuvuta uzi ukakazika kati ya New York na Madrid, wanafunzi watauona ukipanda juu ya mstari wa latitudo wenyewe, bila kulazimishwa.

MWENDO WA AINA MBILI

Umbali ukishajulikana, mwanafunzi angetarajia kwamba kazi iliyobaki ni kugawanya tu. Ndege ya Fokker Friendship, iliyotumika sana Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970, ilikwenda takriban kilomita 480 kwa saa. Ndege za kisasa za rafadha, au pangaboi kama zinavyoitwa na wengi, hufika kilomita 650 kwa saa, na ndege za jeti hupita 800. Kwa kilomita 850, Fokker ingehitaji saa 1 na dakika 46, ndege ya pangaboi ya leo saa 1 na dakika 18, na jeti iendayo kilomita 820 kwa saa ingehitaji saa 1 na dakika 2.

Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa. Mwendo uliotajwa ni wa ndege kuipita hewa, wala si wa ndege kuipita ardhi. Mpiga kasia katika mto Rufiji anaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Nguvu za mikono yake humpa mwendo fulani juu ya maji. Lakini maji yenyewe yanakwenda. Akielekea baharini, mwendo wa mto huongezwa kwenye mwendo wake. Akipanda mto, hutolewa. Ndege nayo imo ndani ya mto wa hewa. Mwendo wake katika hewa hiyo waweza kuitwa mwendo hewani. Na mwendo wake juu ya mashamba na milima waweza kuitwa mwendo ardhini. Abiria hufikishwa na huu wa pili.

Manahodha wa mwambao walikuwa na maneno yao kwa mambo haya kabla ya ndege kubuniwa. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni sehemu ya nyuma. Upepo wa omo hukabili chombo, na ule utokao tezini hukisukuma. Majahazi ya Maskati na ya Ghuba yalisubiri kaskazi iyalete Afrika Mashariki, na yakasubiri kusi iyarudishe. Safari iliyopuuza majira haikuhesabiwa kwa siku bali kwa miezi. Ndege haisubiri msimu, lakini sheria inayoitawala ni ile ile.

UPEPO HAURUDISHI ULICHOCHUKUA

Wengi hudhani kwamba upepo ukiichelewesha ndege wakati wa kwenda, utaifidia wakati wa kurudi, na mwisho wa yote hesabu italingana. Dhana hiyo si sahihi.

Ichukuliwe ndege ndogo yenye mwendo hewani wa kilomita 200 kwa saa, katika safari ya kilomita 850 kila upande. Pasipo upepo, kwenda na kurudi ni saa 8 na nusu. Sasa upepo wa kilomita 50 kwa saa uvume kando ya njia siku nzima bila kubadilika. Ndege ikisukumwa, mwendo wake ardhini ni kilomita 250 kwa saa, nayo itatumia saa 3 na dakika 24. Ikikabiliwa na upepo huo, mwendo wake ni kilomita 150 kwa saa, nayo itatumia saa 5 na dakika 40. Jumla ni saa 9 na dakika 4. Upepo umekula dakika 34, wala hautazirudisha.

Sababu yake ni nyepesi. Ndege hukaa muda mrefu katika upepo unaoidhuru, na muda mfupi katika upepo unaoifaa. Umbali ukiwa D, mwendo hewani V, na mwendo wa upepo U, muda wote wa kwenda na kurudi ni 2DV ÷ (V² − U²). Kadiri U inavyoikaribia V, ndivyo muda unavyokua. Na siku upepo utakapolingana na mwendo wa ndege, ndege iliyokwenda kwa kusukumwa haitarudi kabisa. Kanuni hiyo inaeleza pia kwa nini ndege ziendazo kasi haziathiriwi sana: kwa ndege ya kilomita 650 kwa saa, upepo ule ule wa kilomita 50 hula kama dakika moja tu kwa kwenda na kurudi Mwanza.

KOSA LA MWAKA 1947

Katika nchi zilizo karibu na ikweta, pepo za anga za juu kwa kawaida si kali mno. Mbali na ikweta, katika latitudo za kati, mambo ni tofauti. Huko, kwenye kimo cha kilomita kama 10, hupita mikondo myembamba ya upepo ivumayo kutoka magharibi, na mwendo wake waweza kuzidi kilomita 200 kwa saa.

Mmoja wa waliozipima pepo hizo mapema ni mwanasayansi wa Japani, Wasaburo Ooishi, ambaye katika miaka ya 1920 alirusha maputo kutoka kituo cha Tateno na kuyafuatilia kwa darubini. Alitangaza matokeo yake mwaka 1926 katika lugha ya Kiesperanto, akitumaini kwamba yangesomwa ulimwenguni kote. Waliokisoma Kiesperanto walikuwa wachache, na elimu hiyo haikuenea. Marubani wa Marekani waliigundua upya katika Vita Kuu ya Pili, ndege zao zilipokutana na pepo hizo juu ya Japani mwaka 1944.

Tarehe 2 Agosti 1947, ndege ya Uingereza iliyoitwa Star Dust iliondoka Buenos Aires, Argentina, kwenda Santiago, Chile, ikiwa na watu 11. Safari hiyo ilikuwa ya karibu kilomita 1,100, na sehemu yake ya mwisho ilikuwa kuivuka milima ya Andes. Mawingu yaliifunika milima, na ndege ilipanda juu sana ili iyapite. Wafanyakazi wa ndege hawakuiona ardhi. Walijua walipo kwa kuzidisha mwendo wao kwa muda uliopita. Saa 11 na dakika 41 jioni walipeleka habari kwa alama za Morse kwamba wangetua saa 11 na dakika 45. Hawakuonekana tena.

Mabaki ya ndege hiyo yalionekana mwaka 1998, zaidi ya miaka 50 baadaye, yakitoka katika barafu ya mlima Tupungato, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Santiago. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndege ilipokuwa juu iliingia katika upepo mkali wa omo ambao wafanyakazi wake hawakuujua. Hewani ilikuwa imekwenda umbali wa kutosha kuivuka milima. Ardhini ilikuwa bado haijavuka. Waliposhuka wakiamini kwamba wapo juu ya bonde la Santiago, chini yao ulikuwapo mlima. Kugawanya na kuzidisha kwao huenda hakukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika mwendo uliotumiwa.

Upepo huo huo ukiwa nyuma huwa neema. New York na London zimeachana kwa kilomita 5,540, na safari ya kuelekea mashariki kwa kawaida hupita saa 6. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 1920 na miaka mia, yaani mwaka 2020, ndege moja ya abiria ilimaliza safari hiyo kwa saa 4 na dakika 56. Mwendo wake ardhini ulipita kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuupita mwendo wa sauti, kwa sababu katika hewa iliyoizunguka ilikuwa ikienda mwendo wake wa kila siku.

DAKIKA ZISIZO KATIKA HESABU

Ratiba ya safari ya Dar es Salaam na Mwanza huonyesha dakika nyingi kuliko zile za kugawanya. Ratiba huanza kuhesabu tangu vizuizi vya magurudumu vinapoondolewa mpaka vinaporudishwa huko mwisho wa safari. Katikati yake mna kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mnara, kupanda kwa mwendo ulio chini ya ule wa kusafiria, kushuka, na kujipanga kwa ajili ya kutua. Aidha ndege hurukia upande upepo unakotoka, hata kama Mwanza iko nyuma yake.

Hali ya hewa nayo hudai sehemu yake. Ziwa Viktoria linajulikana kwa dhoruba za radi, hasa za usiku na alfajiri. Rubani haingii katika wingu la radi, hulizunguka. Mzunguko wa kilomita 40 huongeza dakika karibu 4 kwa ndege ya kilomita 650 kwa saa.

Jua pia lina saa yake. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Mwanza ipo digrii 6 na dakika 16 magharibi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua hufika utosini Mwanza dakika 25 baada ya kufika utosini Dar es Salaam. Saa za ukutani za miji hiyo miwili zinalingana kwa sababu taifa zima limekubaliana kutumia saa moja.

MAFUTA HUPIMWA KWA MUDA

Leo rubani huonyeshwa mwendo wake ardhini kwa msaada wa satelaiti, na kosa la mwaka 1947 ni vigumu kutokea tena kwa namna ile. Lakini liko jambo ambalo haliwezi kungoja mpaka ndege iwe angani, nalo ni mafuta. Injini haziijui kilomita. Hula mafuta kwa kila dakika zinazozunguka, ndege iwe inasonga mbele kwa kasi au imezuiliwa na upepo.

Ndiyo maana vituo vya hali ya hewa duniani hurusha maputo yenye vyombo vya kupimia kwa wakati mmoja, saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Vipimo vya upepo vinavyopatikana hutumika kutabiri pepo za njiani, na kutokana na utabiri huo hukadiriwa muda, na kutokana na muda hukadiriwa mafuta.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hazimruhusu rubani kuchukua mafuta ya kufika tu. Ndege iendayo Mwanza huchukua mafuta ya kutambaa kiwanjani. Mafuta ya safari yenyewe. Nyongeza ya mambo yasiyotazamiwa, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari. Mafuta ya kwendea kiwanja kingine endapo Mwanza haitatulika, mathalani Kilimanjaro iliyo umbali wa kilomita 470 hivi. Na akiba ya mwisho. Akiba hiyo hutajwa kwa dakika: dakika 30 za kuzunguka juu ya kiwanja kwa ndege za jeti na ndege kubwa za pangaboi, na dakika 45 kwa zile ndogo zenye injini za pistoni.

Abiria ashukaye Mwanza huenda akalalamika kwamba ndege imechelewa dakika 10. Dakika hizo zilikwisha kufikiriwa kabla hajapanda, na mafuta yake yalikuwamo katika matangi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kiwanja cha ndege cha Kigoma kipo latitudo 4°53′ Kusi na longitudo 29°40′ Mashariki. Tafuta umbali wake kutoka kiwanja cha Dar es Salaam kwa maili za baharini na kwa kilomita.

2. Jua hufika utosini Kigoma dakika ngapi baada ya kufika utosini Dar es Salaam?

3. Ndege yenye mwendo hewani wa kilomita 300 kwa saa inasafiri kilomita 720 na kurudi. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unavuma kando ya njia muda wote. Upepo huo umeongeza dakika ngapi katika safari nzima?

Majibu: (1) Takriban maili za baharini 581, yaani kilomita 1,077. (2) Dakika 38. (3) Dakika 12.